Meza ya poka ya 25/50 hapa Kisumu: dau ni bei, na mimi nimekuwa nikiuza kwa hasara

MuuzaMisumari (Kisumu)

Wadau, hamjambo. Uzi huu ni mrefu. Kama uko kwenye matatu ya Kondele utashuka kabla hujaumaliza.

Tuna meza yetu ya poka kila Jumamosi, nyumba moja pale Milimani, watu saba au wanane. Blaindi, yaani dau la lazima ambalo watu wawili huweka kabla ya kadi kugawiwa, ni 25 na 50, unaingia na 5,000. Hakuna anayekata asilimia ya poti (pesa zilizowekwa katikati ya meza), kila mtu anatoa 200 ya samaki na soda, basi. Nimecheza hapo karibu miaka miwili, na nimeweka daftari vile ninavyoweka la madeni dukani. Daftari linasema niko chini. Nililaumu kadi muda mrefu, mpaka wiki jana nikakaa nikaandika mkono mmoja shilingi kwa shilingi. Nauweka hapa mnicheke.

Nina kingi mbili (kila mtu anapewa kadi mbili za siri). Wawili mbele yangu wameingia na 50 tu. Mimi, kwa kuogopa kuwafukuza wateja, napandisha hadi 100. Nani atakunja, yaani kutupa kadi zake, kwa mia? Tukawa sita. Poti 600. Flopu, kadi tatu za kwanza za wote mezani, inakuja nane ya kopa, nne ya kopa, saba ya uru. Naweka 150. Watatu wananifuata, poti 1,200. Tani, kadi ya nne, ni mbili ya maua, haimsaidii mtu. Naweka 300. Wawili wanafuata, poti 2,100. Riva, kadi ya tano na ya mwisho: jeki ya kopa. Mzee mmoja mstaafu wa reli, mtu mpole ambaye usiku kucha alikuwa anagonga meza tu, yaani anapita bila kuweka dau, anasogeza 1,500 bila kuniangalia. Nikafuata kwa hasira. Akafungua kwini na tatu, zote kopa: pamoja na za mezani ni kopa tano, zinazishinda kingi zangu.

Nilitoka hapo nikisema mzee ana bahati ya mtende. Sasa tazameni hesabu. Kwenye flopu nilimtaka 150 poti ikiwa 600. Akilipa, poti yote ni 900, kwa hiyo anatoa moja ya sita ya mzigo, karibu asilimia 17. Kopa ziko 13 kwenye pakiti, yeye anaziona 4, zimebaki 9 kati ya kadi 47 asizozijua: asilimia 19. Kwenye tani tena, 300 kwa poti ya 1,200, ni asilimia 17 ileile, na yeye sasa ana 9 kati ya 46, karibu asilimia 20. Mzee hakukosea hata mara moja. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni nikigawa misumari chini ya bei ya kununulia, halafu nikashangaa duka limejaa watu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba dau ni bei. Unamtajia mwenzako bei ya kuona kadi inayofuata. Ukiweka theluthi ya poti, anahitaji nafasi ya asilimia 20 ndiyo asipate hasara. Nusu ya poti, 25. Theluthi mbili, karibu 29. Poti nzima, 33. Ukiweka mara mbili ya poti, 40. Mwenye kopa mbili akingoja ya tano ana 19 au 20 kwa kila kadi moja, kwa hiyo hata nusu ya poti tayari ni bei inayomuumiza. Na hapa kwetu atalipa tu! Hilo ndilo lililokuwa mbele ya macho yangu miaka miwili. Watu wa meza yetu hawasomi bei. Aliyekuja kununua atanunua kwa 150 na atanunua kwa 450. Sasa kwa nini nilikuwa namwuzia kwa 150?

Ningeupanga mkono ule upya, ningeanza na 300: mara nne ya blaindi kubwa, halafu 50 kwa kila aliyeingia kabla yangu. Tuseme wananifuata wawili, poti inafika kama 1,000. Nimebaki na 4,700. Flopu naweka 700, akinifuata mmoja poti ni 2,400. Tani naweka 1,600, poti 5,600. Riva nimebaki na 2,400, chini ya nusu ya poti, na anayeshika jozi hawezi kukunja tena baada ya kulipa yote yale. Vile nilivyocheza mimi, hata kama jeki ya kopa isingekuja, mpaka kufika riva nilikuwa nimeingiza 550 peke yake. Kingi mbili, 550!

Nikosoeni.

KadiYaPili (Nakuru)

Bosi, hesabu sawa, lakini usitangazie Kenya nzima kwamba kila mtu aanze na 300. Kwetu huku Nakuru, meza ya Section 58, watu wanashika pesa kama mkulima anayengoja bei ya mahindi ipande. Ukipandisha hadi 300 wanakunja wote, unabaki na 75 za blaindi na kingi zako mkononi kama zawadi. Kwetu mia na hamsini inatosha kabisa.

MuuzaMisumari

@KadiYaPili hapo umenisaidia kusema vizuri zaidi. Bei inategemea mteja. Lakini nikikaa meza yenu, sitasubiri kingi. Kama wanakunja kwa 300, nitawapandishia na takataka yoyote nikiwa wa mwisho kuzungumza, nichukue hizo 75 mara kumi usiku mmoja. Kwetu hilo haliwezekani, kuna mtu hajawahi kukunja kadi mbili zinazofanana rangi tangu azaliwe.

KadiYaPili (Nakuru)

Usije basi.

MwalimuWaHesabu (Kakamega)

Mulembe. Nimefurahi kuona mtu ameandika asilimia badala ya kulia. Nina marekebisho mawili.

La kwanza, umesema mzee alilipa bei nafuu mara mbili. Ni mara tatu. Hesabu yako inaangalia poti iliyopo mezani tu, lakini mzee anajua kwamba kopa ikitokea utamlipa tena. Na ulimlipa, 1,500! Kwa hiyo hata ungeweka nusu ya poti kwenye tani, pale ambapo hesabu ya karatasi inasema anapata hasara, angefidia kwenye riva kwa sababu wewe hujui kukunja. Anayetoza bei nzuri kwenye tani halafu analipa kila kitu riva amefunga mlango wa mbele na kuacha wa nyuma wazi.

La pili ni hiyo riva yenyewe. Poti 2,100, mzee ameweka 1,500, wewe unatakiwa kutoa 1,500 katika jumla ya 5,100. Unahitaji uwe mbele mara 29 katika 100. Jiulize kwa haki: mtu aliyegonga meza usiku kucha, kopa ya tatu imetoka, yeye ndiye anaanza kuweka dau kubwa mbele ya aliyekuwa akiongoza tangu mwanzo. Katika meza za pesa ndogo nilizokaa mimi, dau la namna hiyo ni mkono wenyewe. Sikumbuki mstaafu akinidanganya kwenye riva. Mlinganyo wako ulikuwa unahitaji 29, mimi ningempa 5.

Mengine yako yote nakubali.

MuuzaMisumari

Mwalimu, nimekaa chini. Mlango wa nyuma. Nitaandika hiyo kwenye jalada la daftari.

Shupaza_wa_Lamu

Samahanini kuingilia, mimi wa Pwani nasoma tu. Kadi ya A, huko bara mnasema “esi”? Huku tunaita ree. Na hiyo maua, wengine husema pau.

MuuzaMisumari

@Shupaza_wa_Lamu karibu sana kaka. Huku tulijifunza majina kwa watu waliojifunza kwa sinema. Ree nimelipenda, lakini nikilisema Milimani watadhani nimeagiza kinywaji.

BodaWaWebuye

Mimi nina swali, na ni la aibu. Nimesoma uzi nikachangamka, jana nikaenda mezani kwetu (tunacheza 10/20, kwa hiyo zidisheni wenyewe) nikaamua leo bei ni juu. Sina kitu, kadi zangu tisa na nane, flopu esi, kwini, tatu. Wako watatu mbele yangu. Poti 240. Nikaweka 240 yote, danganya toto ya nguvu. Wawili wakanifuata bila hata kufikiri. Sasa mbona bei ya juu haikuwafukuza?

MwalimuWaHesabu (Kakamega)

Kijana wangu, ulichofanya wewe ni kutaja bei kubwa ya duka tupu.

Ukiweka poti nzima bila kitu mkononi, lazima wakunje wote nusu ya nyakati ndiyo utoke bila hasara. Ukiweka nusu ya poti, inatosha wakikunja mara moja katika tatu. Theluthi ya poti, mara moja katika nne. Sasa tuseme kila mmoja wa wale watatu anakunja mara 6 katika 10, na nimekuwa mkarimu, maana esi na kwini ndizo kadi ambazo watu wanapenda kubaki nazo. Wote watatu kukunja pamoja ni 0.6 mara 0.6 mara 0.6, yaani asilimia 21 na ushei. Ulihitaji 50. Haikuwa bahati mbaya.

Danganya toto mwachie mtu mmoja, kwenye ubao ambao haukumgusa, na usitumie pesa zaidi ya zile zinazohitajika. Mbele ya watatu, gonga meza, kunywa chai.

MuuzaMisumari

Naongeza hapo kwa sababu ni jambo ninaloliona kila wiki. Watu wetu hawahesabu sehemu ya poti, wanahesabu noti. 200 na 300 kwao ni kitu kimoja. 400 bado wanatoa. Ukifika 500 mtu anaanza kukuna shingo, hata kama poti ni 3,000 na hiyo 500 ni peremende. Nadhani ni kwa sababu 500 ni noti nzima, ina sura, unajua inanunua nini nyumbani. Kwa hiyo nikitaka wanifuate nakaa 400 badala ya 500, karibu ni bei ileile na wananifuata wengi zaidi. Nikitaka mtu mmoja aende zake navuka 500. Sijaona kitabu kinachosema hivi, lakini kitabu hakijakaa Milimani.

KadiYaPili (Nakuru)

Hiyo ya noti ni kweli hata huku.

Lakini kuna kitu mnaniudhi nacho nyote wawili. Mnapandisha kulingana na mkono. Bosi akiwa na kingi 300, akiwa na sita na saba 150? Wiki ya tatu meza nzima inajua. Kuna mmoja kwetu, akiweka dau dogo ana jozi ya katikati, akiweka kubwa ana jozi mbili au kadi tatu za namba moja, tunamsoma kama gazeti. Tunamkunjia kila akiweka kubwa, na kila akiweka dogo tunampandishia. Amekuwa mfadhili wa nyama yetu.

MuuzaMisumari

Hilo lina ukweli wa nusu. Kabla ya flopu nakubaliana nawe kabisa: bei moja kwa kila mkono ninaoucheza, kinachobadilika ni idadi ya walioingia kabla yangu tu. Baada ya flopu mimi sikubali. Mbele ya mtu anayeangalia, ndiyo, nachanganya. Mbele ya mzee wa reli, ambaye wakati wa mkono wangu anaangalia simu akitafuta matokeo ya mpira ya Gor Mahia, nimfichie nini? Namtoza kila ninachoweza kumtoza nikiwa na mkono, na nikiwa sina simwekei kitu. Akianza kunisoma nitajua, maana ataanza kukunja, na hiyo siku nitabadilika.

KadiYaPili (Nakuru)

Hujui kama atakuambia siku hiyo.

MuuzaMisumari

Mzee? Ataniambia. Huwa anatangaza.

OmenaKavu (Homa Bay)

Je, dau dogo halina kazi kabisa? Naona kila mtu anasema kubwa, kubwa.

MwalimuWaHesabu (Kakamega)

Lina kazi. Uko na mtu mmoja tu, ulipandisha wewe, flopu ni kingi, saba na mbili, kila moja rangi yake. Hapo hakuna wa kungoja kopa wala wa kungoja mfululizo. Ama ana kingi ama hana. Theluthi ya poti inafanya kazi ileile ambayo poti nzima ingefanya: asiye na kitu anakunja kwa vyovyote, mwenye kingi anabaki kwa vyovyote. Kwa nini ulipe zaidi kuuliza swali lenye majibu mawili? Lakini flopu ya yule mzee, nane saba nne na kopa mbili, kila mtu ana kipande cha kungojea. Huko ndiko unakotoza.

Na usisahau jinsi poti inavyokua. Anza na 1,000. Ukiweka theluthi mara tatu, flopu, tani na riva, na mtu mmoja akifuata zote, umeingiza kama 1,815. Nusu mara tatu, 3,500. Poti nzima mara tatu, 13,000: elfu moja, elfu tatu, elfu tisa. Tofauti ya flopu inaonekana ndogo, shilingi mia chache, kisha ukifika riva ni milima. Kwa hiyo mwenye mkono mzuri anaangalia kwanza amebaki na ngapi mbele yake, halafu anarudi nyuma kupanga: riva niwe nimebaki na kiasi gani? Kwa hiyo tani niweke ngapi? Kwa hiyo sasa hivi ngapi?

OmenaKavu (Homa Bay)

Sawa mwalimu. Na kitu kidogo kwa wageni wa meza za ana kwa ana, kwa sababu mimi kilinigharimu. Ukitaka kupandisha, SEMA kwanza. Nilitupa chipu moja ya 500 kimya mtu akiwa ameweka 100, nikidhani nimepandisha hadi 500. Wakaniambia chipu moja kubwa bila neno maana yake umefuata tu. Nikarudishiwa chenji 400 kama niko dukani. Nilikuwa na esi mbili. Na usiweke kwa mafungu pia, mia mbili, halafu unamtazama mtu uso, halafu mia mbili nyingine. Sema kiasi, kisha weka.

MuuzaMisumari (Kisumu)

Nimerudi. Jumamosi imepita, ripoti hii hapa.

Nina tisa mbili. Mmoja ameingia na 50, ni mzee wa reli, nani mwingine. Napandisha hadi 250. Mzee anafuata, na aliyeweka blaindi kubwa anafuata. Poti 775. Flopu kingi, tisa, nne, shupaza mbili. Tisa tatu! Wanagonga meza wote wawili. Zamani ningeweka 200 ili wasikimbie. Niliweka 600, mkono ukitetemeka kidogo, sitadanganya. Wa blaindi akakunja, mzee akafuata. Poti 1,975. Tani sita ya uru. Mzee anagonga. Naweka 1,500. Mzee anapumua, anaangalia simu, anafuata. Poti 4,975, nimebaki na 2,650.

Riva mbili ya shupaza. Moyo ukaenda Dunga ukarudi. Mzee anagonga meza.

Nikakumbuka ile kwini na tatu yake. Nikaweka 1,000. Akafuata haraka sana, akafungua kingi na jeki. Poti yangu.

Nilishinda, sawa. Mwalimu, sema.

MwalimuWaHesabu (Kakamega)

Flopu na tani, sina la kusahihisha. Riva umerudi kule ulikotoka.

Mara ya kwanza, kopa yake ilipotokea, mzee alifanya nini? Aliweka 1,500 mwenyewe, hakungoja. Ndiyo desturi yake. Safari hii shupaza ya tatu imetoka naye akagonga meza. Alikuwa anakuambia hana shupaza. Basi ana nini, mtu aliyelipa 600 na 1,500? Kingi na kitu. Na mwenye kingi aliyekwisha kulipa 2,350 tangu mwanzo, poti ikiwa karibu 5,000, anakunja kwa 2,650? Ni zaidi kidogo ya nusu ya poti. Ulitakiwa kusukuma zote. Uliacha 1,650 mezani.

KadiYaPili (Nakuru)

Au angekunja, kwa sababu 2,650 kwake ni noti tano na zaidi, kwa hesabu yenu wenyewe ya noti.

MuuzaMisumari (Kisumu)

@KadiYaPili nilitaka kujitetea hivyo hivyo. Shida ni kwamba wakati nakusanya chipu mzee aliniinamia akaniuliza, “Kijana, mbona hukuitisha zote? Nilikuwa nimeshazishika.”